Mpaka Mgeni Aseme Ndivyo

Mara ya kwanza mkutubi wa chuo cha ualimu alipoingia stoo kwa Bwana Vyombo, aliomba bei ya msiba.

Bwana Vyombo aliacha kufuta kiti alichokishika. Alikuwa akikodisha viti, maturubai na vipaza sauti, na bei ya msiba aliiweka chini kidogo ya bei ya harusi, si kwa huruma, ila kwa sababu waombolezaji hawapandi juu ya viti kucheza.

"Pole sana, dada yangu. Nani ametutoka?"

"Hajatutoka mtu. Ni mjadala, ukumbi wa chuo, Ijumaa mchana."

"Sasa msiba unaingiaje hapo?"

"Watu watakaa kimya, hawatacheza, hawatamwaga soda, na wakitoka watakuwa wamenuna. Hebu nitajie tofauti."

Bwana Vyombo alicheka bila kutaka. Huko alikotoka hakuna aliyemwachia kitu. Alianza kwa kubeba viti vya watu wengine kichwani, mpaka akanunua vyake, vyeupe vya plastiki, jina lake limeandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu. Watu walisema ana mkono wa birika, naye hakuona tusi hapo. Kupatana bei aliona ni kama kuvua samaki kwa ndoana: unalegeza, unavuta, unalegeza. Lakini mwanamke huyu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi hakuvutika. Kila Bwana Vyombo alichosema alikirudia polepole, kama anayesoma.

"Kwa hiyo unasema kiti kikirudi kimevunjika mguu, nalipa kiti kizima. Mguu ukiwa umelegea tu, silipi. Ndivyo?"

"Ndivyo," alijibu Bwana Vyombo, na alipokwisha kusema tu akajua amepigwa chenga. Habari ya mguu uliolegea hakuwahi kuiweka wazi kwa mteja yeyote. Humo ndimo alimokuwa akipatia chumvi ya mboga.

Ijumaa ile alibaki ukumbini alinde mali yake, akaona mchezo ule ule ukichezwa na watu wazima. Mkutubi alikuwa na kanuni moja tu. Mgeni atazungumza mpaka amalize. Anayetaka kumpinga ataenda kwenye kipaza sauti kilichosimamishwa kati ya safu za viti, na kabla ya kupinga atarudia kwa maneno yake mwenyewe kile mgeni alichosema. Akikosea, mgeni atamsahihisha, naye atarudia tena. Hapingi mtu mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Ndivyo." Wanafunzi walimpachika jina la Mama Ndivyo, na jina likamganda kuliko lile alilopewa na baba yake.

Wageni wake hawakuwa watu wa kupigiwa makofi. Alimleta bwana mmoja aliyetaka walimu walipwe kwa kadiri wanafunzi wao wanavyofaulu, akawaweka mbele yake walimu watarajiwa ukumbi mzima. Alimleta bibi aliyesema wasichana wasomeshwe mbali na wavulana, na kijana aliyesema Mungu hayupo. Bwana Vyombo alizoea kumwona mwanafunzi akiinuka kwa jazba, mishipa imemtoka shingoni, akaanza kurudia maneno ya mgeni, akasahihishwa, akarudia, akasahihishwa, na mwisho akarudi kitini amepoa, kwa kuwa alichokuwa amekikasirikia hakikusemwa. Viti havikuvunjika. Chuo kikawa mteja wa kudumu, si mijadala tu, hata mahafali. Bwana Vyombo hakuwa na maoni kuhusu mijadala, ila aliitakia maisha marefu.

Habari za maisha ya Mama Ndivyo, Bwana Vyombo alizipata vipande vipande, wakikunja nyaya pamoja. Alikulia nyuma ya soko. Wazazi walikufa mapema, akalelewa na kaka yake, mlinzi wa vibanda, aliyekuwa akikesha kwa rungu na koti la mvua ili dada mtu asome. Hakuolewa. "Alikuja mmoja," alisema siku moja, "nikamwambia arudie nilichosema. Hakurudi."

Kuhusu kaka mwenyewe hakutania. Alikufa alfajiri manispaa ilipovunja soko. Tingatinga liliangusha vibanda naye akiwa ndani ya kimoja. Manispaa ilitoa tamko kwamba vibanda vilikuwa vitupu, na kwamba marehemu aliingia baadaye kuiba mabati, kifusi kikamlalia. Basi mjane wake, wifi yake Mama Ndivyo, akabaki akiuza mitumba kando ya barabara huku akiitwa mke wa mwizi. Pale penye soko, manispaa ilikipa chuo kiwanja, na bweni jipya likajengwa.

Kwa hiyo Mama Ndivyo alipotangaza kwamba mgeni wa Ijumaa inayofuata ni ofisa ujenzi mstaafu wa manispaa, mtu ambaye mji mzima ulimwita Tingatinga, na kwamba atakuja kueleza kwa nini ubomoaji ule ulikuwa halali na lazima, Bwana Vyombo alijua kuna viti vitakavyovunjika safari hii.

Wanafunzi waliziba lango la chuo. "Muuaji hapandi jukwaani," waliandika kwenye shuka. Kiongozi wao, kijana mrefu mwenye sauti ya kuuza magazeti, alimfuata mkutubi hadi ukumbini, mahali Bwana Vyombo alipokuwa akipima nyaya.

"Mama, tunakuheshimu, lakini ukumbi wetu si dobi. Huwezi kumleta mtu mwenye damu mikononi tumfulie."

"Nani amekuambia mtamfulia?"

"Ukimpa kipaza sauti umemsafisha tayari!"

"Mwanangu, yule amekuwa na kipaza sauti miaka yote. Gazetini yupo, redioni yupo, na huko hakuna anayemjibu. Asiyekuwa nacho ni wewe. Ijumaa nakupa."

"Na akisema uongo?"

"Utaurudia mbele yake mpaka aukubali kuwa ni wake. Watu wengi hawapendi kuuona uongo wao ukivaliwa na mwingine."

Kijana aliondoka akitikisa kichwa. Mlangoni alipishana na mwanamke mnene mwenye furushi la nguo begani. Bwana Vyombo alimtambua, alikuwa muuza mitumba wa barabarani. Hakusalimia. Alitua furushi juu ya kiti.

"Wifi, nimesikia barabarani, nikasema waongo. Nimekuja uniambie mwenyewe."

"Ni kweli, wifi."

"Umemwalika aliyemuua kaka yako."

"Nimemwalika."

"Utamkaribisha kiti? Utamwekea na maji ya kunywa mezani?"

"Kila mgeni anawekewa maji."

Mjane alicheka kicheko kikavu. "Mume wangu alikesha kwenye baridi ili usome. Ndiyo elimu yenyewe hii? Ya kumwekea maji Tingatinga?"

"Njoo umuulize," alisema Mama Ndivyo. "Mahakama ilikufungia mlango. Ofisini kwake walikufukuza. Mimi mlango nilio nao ni huu mmoja. Nikimfungia yeye, na wewe nimekufungia."

"Na kama wageni wako wote hao wa nyuma walikuwa ni njia tu ya kumfikia huyu, kwa nini hukuniambia mapema?"

"Hawakuwa njia. Ningemwalika hata kama kaka angekuwa hai."

Bwana Vyombo, aliyejifanya anahangaika na waya, aliona maneno hayo ndiyo yaliyomuumiza mjane kuliko mengine yote. Alibeba furushi lake akaondoka. Mama Ndivyo akabaki akinyoosha safu ya viti iliyokuwa imenyooka.

Kesho yake mkuu wa chuo alimwita Bwana Vyombo ofisini, akafunga mlango, akamkaribisha kiti chenye mto. Bwana Vyombo alijua thamani ya kiti chenye mto. Hakuna anayekukalisha juu yake kukueleza habari njema bila kutaka kitu.

"Vyombo vyako, bwana, havijawahi kukorofisha?"

"Havijawahi, mkuu."

"Hata mara moja? Umeme, joto, nyaya za zamani. Mambo haya hutokea." Mkuu aliifuta miwani yake kwa ncha ya tai. "Yule mama siwezi kumzuia, nikimzuia kesho nitaitwa dikteta. Lakini manispaa ndiyo imetupa kiwanja, na hati yake bado haijatoka. Mgeni azungumze, sawa. Yakianza maswali ya kuchimbuachimbua, nitavua miwani. Vyombo vizime. Watu watapiga kelele kidogo, watakwenda nyumbani."

"Na mimi?"

"Mahafali ni yako mwaka hadi mwaka. Na bweni likizinduliwa, shughuli nzima yako."

Bwana Vyombo alikuna kidevu. "Mkuu, vyombo vikinizimikia mbele za watu, nani atanikodi harusi? Unaninunua jina langu lote, unanilipa kwa mahafali?"

"Na ukarabati wa viti vya chuo, basi. Wewe ndiye utakayevitengeneza."

"Nimekusikia," alisema Bwana Vyombo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Katika biashara yake, neno hilo lilikuwa mlango uliorudishwa bila kufungwa.

Ijumaa ukumbi ulifurika mpaka madirishani. Bwana Vyombo alikaa pembeni karibu na mashine yake, swichi iko chini ya kidole. Mkuu alikaa mstari wa mbele, miwani usoni.

Tingatinga hakufanana na jina lake. Alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Wanafunzi walipoanza kuzomea, Mama Ndivyo alisimama tu, akangoja, mpaka waliozomea wakaanza kuona haya wenyewe kwa wenyewe. Ndipo mzee akazungumza. Alizungumza vizuri, na hilo liliwaudhi zaidi. Alieleza kipindupindu kilichokuwa kikitoka kwenye mifereji ya soko lile, vibanda vilivyoshika moto, njia zisizopitika na gari la zimamoto. Alitaja pia taarifa ya ofisi, iliyosema vibanda vilikuwa vitupu. Alisema alikuwa mtu wa vipimo, na kwamba katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumkuta na kosa la nusu sentimita au la nusu neno. "Ilibidi vibomolewe, vilikuwa vinaua watu," alimaliza. Wapo waliotikisa vichwa kukubali, kisha wakatazama kama kuna aliyewaona.

Kiongozi wa wanafunzi alinyanyuka kwenda kwenye kipaza sauti, lakini alimkuta mtu. Mjane alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, safari hii bila furushi. Kijana akampisha.

"Shikamoo," alimwambia Tingatinga. Ukumbi ulishtuka kwa salamu hiyo.

"Marahaba."

"Mimi ni mke wa yule mlinzi. Nimeambiwa hapa lazima nirudie kwanza." Alisogea karibu na kipaza sauti. "Umesema vibanda vilikuwa vitupu."

"Sivyo, mama. Nimesema taarifa ya ofisi ilisema vilikuwa vitupu."

"Umesema ofisi ilisema vitupu, na wewe ukaamini."

Mzee aligeuza glasi ya maji mezani. "Sivyo. Kuamini sikutaja."

Minong'ono ilipita kwenye safu kama upepo kwenye mabati. Mstari wa mbele, mkuu wa chuo alivua miwani. Aliishika mkononi, akageuza shingo kumtazama Bwana Vyombo.

Kidole kilikuwa juu ya swichi. Bwana Vyombo hakuwaza haki wala marehemu. Hata baadaye hakujidai kwamba aliwaza. Alipiga hesabu. Simu zilikuwa zimeinuliwa ukumbi mzima, nyingine zimemwelekea yeye. Vyombo vikizima sasa hivi, kwa neno hili hili, hata mtoto mchanga atajua vimezimwa. Jina lake jekundu lilikuwa mgongoni mwa kila kiti. Bei aliyopewa haikutosha. Aliondoa kidole akakiweka pajani.

"Basi umesema ofisi ilisema vitupu, na wewe hukuamini," mjane alikuwa akisema.

"Sivyo! Usinitilie maneno mdomoni."

"Mgeni wetu," Mama Ndivyo aliingilia, kwa sauti ile ile aliyotumia kwa kila mgeni, "yeye anatakiwa arudie ulichosema. Akikosea, msahihishe vizuri, apate cha kurudia."

Mzee alimtazama, kisha akamtazama mjane. Ungeweza kuona kwamba kilichomsumbua zaidi hakikuwa swali bali kurudiwa vibaya. Alivuta shati lake likanyooka.

"Sawa. Tuiweke sawa. Alfajiri ile dereva wa mashine alishuka akaja kuniambia kuna mtu anagonga mabati kwa ndani. Wenye vibanda walikuwa na mchezo wa kumficha mtu mle ili tusivunje. Walishatufanyia hivyo mara nyingi. Nikadhani ni mchezo ule. Sikwenda kuangalia. Nikamwambia dereva endelea. Kuiba sikusema mimi, ni ofisi ilisema, baadaye, na mimi sikuulizwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sasa rudia, na urudie vizuri."

Mjane alishika mlingoti wa kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Umesema mume wangu alikuwa macho," alisema. "Alikuwa anagonga. Ukaambiwa. Ukasema endelea."

"Ndivyo," alisema Tingatinga.

Na Mama Ndivyo, uso wake umegeuka rangi ya jivu, alisema kile alichokuwa akisema kila Ijumaa: "Sasa una nafasi ya kupinga."

Mjane alimgeukia. "Nipinge nini, wifi?"

Akaachia mlingoti, akatoka.

Alipovuka kizingiti tu, ukumbi ulipasuka. Viti vilianza kuruka. Mzee alipigwa kimoja begani akaanguka kando ya meza, na kundi likamwendea. Mama Ndivyo aliwahi mbele, akatanua mikono.

"Huyu ni mgeni wangu! Amesema kweli ndani ya ukumbi huu. Mkimuua kwa kusema kweli, nani mwingine ataisema?"

"Toka hapo, mama!" kijana mrefu alimfokea, machozi yanamtoka. "Aliyekufa ni kaka yako, kaka yako!"

"Najua ni kaka yangu! Rudi nyuma!"

Alipigwa kwa kitu, miwani ikaruka na uzi wake. Bwana Vyombo, ambaye alikuwa akiokoa mashine yake, aligeuka akamwona mjane amerudi mlangoni kwa zile kelele. Alimwona akitazama jinsi wifi yake, damu ikimtiririka kwenye nyusi, alivyomkinga Tingatinga kwa mwili wake. Mjane alitazama picha hiyo mpaka akatosheka nayo. Kisha akaenda zake.

Manispaa ilisema mzee amechanganyikiwa kwa umri. Waandishi walimfuata kwake, bega limefungwa, wakamuuliza kama anafuta kauli. "Nilichosema ndicho," alijibu, akafunga dirisha. Wenzake wa zamani waliacha kumtembelea. Dereva hakupatikana. Hakuna aliyeshtakiwa. Bweni lilizinduliwa kwa maturubai ya mtu mwingine, na mahafali pia. Ukumbi ulifungwa kwa shughuli zote za nje. Wanafunzi walisema Tingatinga asingeitwa tangu mwanzo. Mkuu wa chuo alisema vivyo hivyo, na katika hilo pekee walikubaliana. Unga wa Mama Ndivyo ulimwagika wiki ile ile. Mkuu alimwambia ana kwa ana kwamba amehatarisha maisha ya watu. Mama Ndivyo alirudia maneno ya mkuu, akauliza kama ndivyo, akakusanya kikombe chake na kanga ya kujifunika kwenye baridi ya maktaba, akaondoka.

Wifi yake haitwi tena mke wa mwizi. Wale waliokuwa wakimwita hivyo siku hizi wanamnunulia mashati bila kuomba apunguze. Bwana Vyombo alimpa pongezi siku moja, akiwa anachambua suruali.

"Pongezi za nini?" mjane alimwuliza. "Miaka yote nilijiambia alikufa usingizini. Nilikuwa nalala na hilo. Sasa kila mvua ikipiga bati namsikia. Kujua nimejua. Hii suruali unachukua au unaishika tu?"

Alichukua.

Bwana Vyombo alimwajiri Mama Ndivyo stoo. Watu walisema ana moyo, akawaacha waseme. Ukweli ni kwamba alipata karani mwaminifu kwa mshahara mdogo, na ugomvi na wateja ukakoma. Kila mwenye harusi alirudiwa maneno yake, kiti hadi kiti, mpaka akubali mwenyewe. Vyama vya wafanyakazi na watu wa makanisa nao walianza kuja, wakiuliza kama huyu ndiye ambaye vyombo vyake havizimi. Faida ile haikuziba pengo la chuo, ila ilisogea karibu. Mijadala haikufanyika tena popote. Bwana Vyombo aliwahi kumwuliza karani wake kama anaikosa, akamjibu, "Swali lako liweke vizuri kwanza," kisha akarudi kuhesabu viti.

Mjane alikuja msimu wa kiangazi kukodi viti. Binti yake anaolewa, binti wa marehemu, na mkutubi wa zamani ni shangazi yake wa damu. Mjane alisimama mbele ya meza, akaongea juu ya kichwa cha aliyekaa.

"Bwana Vyombo, nataka viti na turubai moja. Bei ya harusi naijua. Na mwambie karani wako sitaki kurudiwa maneno."

Bwana Vyombo alifungua mdomo apandishe bei kidogo, kwa mazoea tu, akaufunga.

Shangazi mtu alinyanyuka, akaingia ndani, akachagua viti vilivyo imara, akivitikisa kimoja kimoja, akavifuta vumbi, akavipanga kwenye mkokoteni na kuvifunga kamba. Hakualikwa. Jumamosi ya harusi alifungua stoo asubuhi kama kawaida.

Jumatatu viti vilirudi vyote. Kimoja kilikuwa na mguu uliolegea, na hicho, kwa makubaliano, hakilipiwi.